Waliopitwa na Daftari: Riwaya za Kihistoria Katika Mwambao wa Rumonge

Mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, tangu mlango wa mto Rusizi upande wa kaskazini hadi Nyanza-Lac upande wa kusini, umeandikwa sana na watu waliopita na kuandikwa kidogo mno na watu waliokaa. Richard Burton na John Speke, walioingia Ujiji Februari 1858, waliupitia kwa mitumbwi mwezi wa Aprili wa mwaka huo huo, wakielekea Uvira. Henry Stanley na David Livingstone wakaupitia Novemba 1871. Wamisionari wa Afrika, ambao watu wamezoea kuwaita Mapadri Weupe, wakajenga Rumonge mwaka 1879. Kisha wakaja maofisa wa Kijerumani, na baada yao wa Kibelgiji, kila mmoja na daftari lake. Katika madaftari hayo milima inayoteremka hadi majini imo, na bei ya pembe imo, na homa za waandishi wenyewe zimo kwa urefu. Lakini wapiga makasia waliowavusha, na wanawake waliowauzia samaki, na watoto waliosimama ufukoni wakiwatazama, aghalabu hawamo, au wamo pasipo majina. Nami naona kwamba hapo ndipo penye asili ya mapenzi waliyo nayo wasomaji wa Kiswahili wa nchi hizi kwa riwaya za kihistoria, yaani hadithi za kubuni zilizojengwa juu ya mambo yaliyotokea kweli: huisoma riwaya ili wakutane na yule ambaye daftari lilimpita, na wakishakutana naye hulirudia daftari wakiwa na maswali ambayo hapo kwanza hawakuwa nayo.

Kilomita 12 hivi kusini ya Bujumbura, karibu na barabara iendayo Rumonge, mahali paitwapo Mugere, liko jabali kubwa lililochorwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wengi hupelekwa pale wakiambiwa kwamba ndipo wazungu wale wawili walipokutana, na baadhi yao huondoka wakiamini hivyo maisha yao yote. Ilhali kukutana kwao kulikuwa Ujiji, na Mugere walifika wakiwa pamoja, wakalala usiku mara mbili wakiwa wageni wa mtawala Mukamba, katika safari ya kwenda kuhakikisha kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia ziwani. Waliukuta unaingia, na kwa hiyo tamaa ya kuona kwamba maji ya Nile yanatokea mlango ule ikakatika. Wako wanaoudharau uongo huu wa watembezaji wageni. Mimi sioni kwamba ni jambo la kudharauliwa tu, kwa kuwa linaonyesha jinsi mwanadamu anavyoipenda hadithi yenye mahali pa kusimama na kuweka mkono. Kosa lake ni kwamba hata ikisahihishwa hubaki kuwa hadithi ya watu wawili. Msomaji aliyezoea riwaya za kihistoria hafiki pale akaridhika na majina ya jiweni, bali huuliza habari za Mukamba: aliwapa wageni wale chakula gani, aliwaambia nini wazee wake usiku ule walipobaki peke yao, na ni kwa hesabu gani aliona kuwakaribisha ni salama kuliko kuwafukuza, katika zama ambazo mtumbwi wenye bendera na bunduki ungeweza kuwa wa mfanyabiashara leo na wa mvamizi kesho.

Mapenzi haya hayakuanza na riwaya. Katika pwani ya Waswahili watu walikuwa wakisimulia vita vya kale kwa tungo ndefu muda mrefu kabla ya kitabu cha kwanza kupigwa chapa kwa lugha yao. Mwengo bin Athumani alitunga Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, akasimulia vita baina ya majeshi ya Waislamu na ya Herekali mfalme wa Rumi, akaongeza mapigano na maneno ambayo wanazuoni wa tarikhi hawayajui, pasipo mtu kumwita mwongo, kwa sababu wasikilizaji walielewa kwamba mtunzi anawaleta katika uwanja wa vita, wala hatoi ushahidi mbele ya kadhi. Misafara ya biashara ilipofika Ujiji, na kutoka Ujiji ikaenea kaskazini, ilikuja na bidhaa, na bunduki, na minyororo, lakini pia ilikuja na chuo cha Kurani na maulidi na mazoea hayo ya kukaa barazani baada ya sala ya isha kusikiliza habari za waliotangulia. Na huku ilikuta watu ambao nao walikuwa na yao: Warundi wana masimulizi ya Ntare Rushatsi, mfalme wa kwanza, na ya ngoma za ufalme, ambayo ndani yake ukweli na ubunifu vimeshikana kiasi kwamba wanahistoria wa leo bado wanavichambua. Mtoto wa Rumonge, ambaye bibi yake humsimulia kwa Kirundi jikoni na mwalimu wake wa chuo humsimulia kwa Kiswahili msikitini, anakua akiwa amezungukwa na watu wa kale pande zote mbili.

Shule haikumsaidia sana katika jambo hili. Wakati wa Wabelgiji, waliouteka mji wa Usumbura mwaka 1916, masomo yalikuwa kwa Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili kikabaki kuwa lugha ya soko, ya msikiti na ya mwalo, ikitazamwa na wakubwa kama lugha ya watu wasio na kwao. Kwa hiyo vitabu vya Kiswahili vilivuka mpaka kutoka Kigoma na Ujiji, katika mikoba ya wafanyabiashara na wasafiri, kimoja kikasomwa na watu wengi hadi jalada likaachana na kurasa. Burundi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, tarehe 1 Julai 2007, ndipo Kiswahili kilipopata heshima ya kuwa somo la darasani. Na walimu waliotafuta mtu mzima wa mwambao aliyesoma riwaya za Kiswahili kwa hiari yake hawakuhangaika sana kumpata.

Katika vitabu vya zamani vilivyoenea, kimoja ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa watumwa waliookolewa, anasimulia jinsi watu walivyotekwa katika nchi za Nyasa, wakapelekwa pwani, wakapakiwa jahazini, hata wakaokolewa na manowari ya Kiingereza na kukalishwa Freretown karibu na Mombasa. Kitabu hiki kimelaumiwa, na kwa haki, kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, kana kwamba utumwa ulikuwa ni maradhi na wao ndio waganga pekee. Lakini nikitafakari kwa nini wasomaji wa ziwani walikishika kwa mikono miwili, naona sababu ambayo wapinzani wake hawakuizingatia: katika familia nyingi za Kiswahili za mwambao huu, babu mmoja alikuja akiwa mpagazi, mwingine akiwa na bunduki, na bibi akaja akiwa amefungwa kamba, kutoka Manyema au mbali zaidi, na watoto wa wote watatu wakaoana, na kwa ajili ya amani ya nyumba, habari zile zikanyamaziwa. Mjukuu hawezi kumuuliza bibi, «Je, wewe ulinunuliwa?» Lakini anaweza kumsomea kitabu cha watu wa Nyasa, na bibi akasikiliza, na pengine, kwa kuwa wanaosemwa ni watu wengine wa nchi nyingine, akalegea na kusema neno moja ambalo hakupata kulisema.

Kitabu cha Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, hakifanyi kazi hiyo, ingawa ni hazina isiyo kifani. Maisha yake, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, yalichapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne iliyopita, mnamo 1902 na 1903, miaka michache kabla hajafariki Unguja mwaka 1905, na baadaye yakatolewa upya na W. H. Whiteley. Msemaji anajua kusimulia: frasila za pembe, hila za vita, madeni na urafiki vyote vimo kwa lugha safi isiyo na pambo. Ila hakuna mateka hata mmoja anayepewa nafasi ya kusema sentensi mbili. Anayekisoma baada ya kusoma riwaya husikia ukimya huo waziwazi, na asiyezoea riwaya aghalabu haudhanii kuwa upo.

Nimewaona wasomaji wa Rumonge wakikipokea kitabu cha Adam Shafi kiitwacho Kuli, kilichotoka mwaka 1979, kana kwamba kimeandikwa kwa ajili yao, ijapokuwa kinasimulia bandari ya Unguja na mgomo wa wachukuzi wa mwaka 1948. Sababu iko mwaloni. Mtu akiamka alfajiri na kwenda kutazama mitumbwi iliyounganishwa kwa miti ikirudi kutoka kuvua ndagala, ikiwa bado na taa zake, ambazo zamani zilikuwa za karabai na sasa ni za betri, atawaona wachukuzi wamesimama ndani ya maji hadi kiunoni, wakipokea beseni juu ya bega na kupanda nalo mchangani, kisha wakirudi kuchukua magunia, na madumu ya manjano yaliyojaa mawese yanayosubiri chombo cha kwenda ng'ambo. Na kila mzigo una malipo yake, na malipo yana ugomvi wake. Kijana wa kazi hiyo, akisoma habari za Rashidi wa Unguja anayerithi ukuli kutoka kwa baba yake na kuanza kuuliza nani aliyepanga malipo, haoni kwamba amesoma habari za kale. Ndiyo maana siafikiani na wanaosema kwamba riwaya ya kihistoria humkimbiza msomaji kutoka zama zake. Wachukuzi niliowasikia walitoka katika kitabu kile wakizungumza habari za asubuhi inayofuata.

Kadhalika Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyeandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akakaa miaka mingi bila mchapaji, hata kitabu kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake. Ziwa lake ni jingine, lakini mitego ya samaki, pombe ya ndizi, ugonjwa wa kukosa mtoto na maneno ya wakwe yanafahamika Rumonge bila maelezo. Kwangu mimi hicho ni kitabu kikubwa kuliko vyote nilivyovitaja, kwa kuwa mwandishi hakumleta mzungu ili hadithi ianze.

Sasa nirudi Rumonge yenyewe, kwa kuwa mji huu una kisa ambacho kila nikikisoma hunishangaza kwamba hakijapata riwaya. Mapadri walipofika mwaka 1879 ziwa halikuwa mahali lilipo leo. Stanley, aliyelizunguka mwaka 1876, alikuta mlango wa mto Lukuga, ulioko ng'ambo ya magharibi, umezibwa kwa matope na majani, na maji yamejaa. Mnamo 1878 kizuizi kile kilivunjika, ziwa likaanza kumwagika kuelekea Kongo, na katika miaka iliyofuata likashuka kiasi cha mita 10. Watu wa Rumonge ambao katika miaka hii ya karibuni wameona maji yakiingia majumbani mwao hawana haja ya kufundishwa maana ya ziwa kupanda. Lakini mwandishi atakayesimulia mambo ya miaka ile ni lazima akumbuke kwamba ufuko wake ulikuwa juu zaidi, na kwamba mwaka hata mwaka watu walikuwa wakiona mchanga mpya ukitokeza mbele ya nyumba zao, wasijue kama ni neema au ni onyo. Katika mchanga huo zilitua merikani na kaniki kutoka pwani, na shanga za sofi zilizokuwa fedha ya soko la Ujiji, na chumvi ya Uvinza. Na walitua pia watoto, kwa sababu mapadri walikuwa na desturi ya kuwakomboa watoto kutoka kwa wauza watumwa na kuwalea katika misheni, na kwa njia hiyo, pasipo kupenda, nao wakawa wanunuzi katika soko lile lile walilolichukia.

Ugomvi ulizuka juu ya mtoto wa namna hiyo, baina ya misheni na watu wa mtawala Bikari waliokuwa majirani zake, na tarehe 4 Mei 1881 Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao mlei D'Hoop waliuawa. Misheni ya Rumonge ikafa pamoja nao, na Wakatoliki hawakuwa na makao ya kudumu katika nchi ya Burundi hadi walipofungua Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899. Habari nyingi zinazosimulia msiba huu huwataja marehemu watatu kwa majina na sifa zao, kama inavyostahili, na waliowaua huwataja kwa jumla, na mtoto humtaja kwa neno moja, mtoto. Tazama basi ni mambo mangapi yaliyolala chini ya neno hilo. Kulikuwa na mtu aliyemwona kuwa mwanawe, au ndugu yake, au mali yake. Kulikuwa na sheria ya Warundi ya mwambao juu ya mtoto aliyepotea na kuonekana, na sheria ya wafanyabiashara wa Ujiji, na sheria ya mapadri, nazo zote tatu zilikuwa zinamvuta mtu mmoja mdogo ambaye kwa hakika alikuwa na maoni yake. Mwanahistoria mwaminifu hufika hapo akasimama, kwa kuwa hana waraka wa kumpeleka mbele. Mtunzi wa riwaya ana ruhusa ya kuingia, lakini kwa adabu: asimfanye Bikari kuwa shetani, asimfanye padri kuwa malaika wala jasusi, na asimfanye mtoto kuwa mdomo wa mawazo ya karne yetu.

Nani mwingine aliyekuwa ziwani katika miaka ile? Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, mtu wa asili ya Lindi, alikuwa na nguvu kubwa Ujiji katika miaka ya 1880, na watu wake wakaja kaskazini wakitafuta pembe na watu hadi upande wa Uzige, ambako leo ni Bujumbura. Mwambao waliutia mkononi kwa kiasi, lakini milima hawakuiweza. Mwezi Gisabo, aliyetawala Burundi kwa zaidi ya nusu karne hadi alipofariki mwaka 1908, aliwazuia, na ufalme wake ukabaki bila kununuliwa wala kuvunjwa na misafara, hata Wajerumani walipomlazimisha kukubali masharti yao Kiganda tarehe 6 Juni 1903. Rumaliza mwenyewe alishindwa na majeshi ya Wabelgiji ng'ambo ya ziwa mnamo 1894. Haya yote yamo vitabuni, lakini kwa wasomaji wengi wa Kiswahili yalikuwa majina tu, hata ilipokuja Peponi.

Riwaya hiyo ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata tuzo ya Nobeli mwaka 2021, iliandikwa kwa Kiingereza na kutoka mwaka 1994. Ida Hadjivayanis akaitia katika Kiswahili, nayo ikachapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, anachukuliwa katika msafara wa kwenda bara, hadi ng'ambo ya ziwa, ambako mtawala Chatu anawapokonya bidhaa zao zote. Mara mbili nimesikia watu wa Rumonge wakibishana juu ya Chatu, na ubishi wenyewe ulikuwa mkali kuliko wa siasa. Mwalimu mmoja alishikilia kwamba Chatu ni dhalimu aliyewala wageni; mzee aliyekuwa akimsikiliza akamjibu, «Mwanangu, soma tena. Yule anawadai. Kabla yao walikuja wengine wakachukua mali na watu wake, wakaondoka. Angewadai lini kama si siku ile?» Kutoka hapo mazungumzo yakahamia kwa Mwezi Gisabo na Rumaliza, na vijana waliokuwapo, ambao majina hayo waliyasoma shuleni kwa ajili ya mtihani, wakaanza kuuliza vita ile ilipiganwa wapi, na ni mlima gani, na nani anayeweza kuwaonyesha. Hayo ndiyo matunda ninayoyaheshimu katika riwaya za kihistoria. Zinawatia watu hamu ya kwenda kutafuta ushahidi, na msomaji aliyeguswa huwa mchunguzi mkali kuliko mwanafunzi aliyeamriwa.

Ziwa hili lilikwisha kupata riwaya mashuhuri ya Kiingereza, na jambo hilo linafaa kutajwa. Vita vya mwaka 1915 na 1916 baina ya Wajerumani kwa upande mmoja na Waingereza na Wabelgiji kwa upande mwingine vilimpa C. S. Forester hadithi ya The African Queen, iliyotoka mwaka 1935 na kufanywa sinema mwaka 1951. Meli ya kweli iliyokuwa nyuma ya hadithi ile, Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg na kuunganishwa Kigoma, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikainuliwa, ikapewa jina la Liemba na kuanza kazi upya mwaka 1927. Katika riwaya na sinema, watu wa ziwa ni sehemu ya mandhari. Lakini Liemba, wazee wa mwambao wanaijua kwa habari nyingine kabisa: kwa ndugu walioabiri, kwa mizigo ya ndagala wakavu, na kwa mwezi wa Mei 2015, ilipowachukua maelfu ya wakimbizi wa Burundi waliokuwa wamejazana Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho hatua chache kutoka mpakani, ikawapeleka Kigoma. Meli ni ile ile, na riwaya ya pili bado haijaandikwa.

Nakuja sasa katika jambo zito, ambalo haifai kusema habari za Rumonge na za kale bila kuligusa. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi waliushambulia mwambao huu, Rumonge na Nyanza-Lac, wakawaua Watutsi wengi. Na serikali ya Rais Michel Micombero ikajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima, yakiwakusudia Wahutu, hasa waliosoma, na waliouawa hukadiriwa kuwa baina ya watu 100,000 na 300,000. Waliookoka walikimbilia Tanzania, wakakalishwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na watoto wao wakasoma kwa Kiswahili. Walipoanza kurudi kwa wingi mnamo 2008, walikuta mashamba ya michikichi yana watu wengine, wengi wao wakiwa na karatasi za serikali mikononi, na kesi za ardhi za Rumonge zikawa ni kesi za historia: nani alikuwa hapa, lini, na alipandaje.

Mtaalamu Liisa Malkki, aliyekaa na wakimbizi hao katika miaka ya 1985 na 1986, alieleza baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba waliokuwa katika makazi ya Mishamo walikuwa wakisimulia mambo yaliyopita kwa namna moja iliyopangika, kila msimulizi akifuata njia ya mwenziwe, na jamii moja ikiwa ya uovu tangu mwanzo wa dunia. Ilhali wakimbizi wenzao waliochanganyika na watu wa mji wa Kigoma hawakuwa na haja ya hadithi hiyo. Nimelifikiri sana jambo hili. Msiba wao ulikuwa wa kweli, wala si haki ya mtu yeyote kuwafundisha jinsi ya kuomboleza. Lakini masimulizi yale yalikuwa na nguvu zote za riwaya, wahusika na mwanzo na mwisho, pasipo kukiri kuwa yamepangwa, na kwa hiyo hayakuruhusu swali. Riwaya hutangaza tangu jaladani kwamba imebuniwa. Humwambia msomaji, nenda ukahakikishe. Aidha, ili isimame, riwaya inamlazimu mwandishi kuingia katika nyumba ya adui na kueleza kwa nini mama wa nyumba ile naye analia. Mwaka 1997 Studio Ijambo ya Bujumbura ilianza kurusha mchezo wa redio wa Marie-Louise Sibazuri uliosimulia majirani wa jamii mbili, na nchi iliyokuwa vitani ikakaa kando ya redio kuwasikiliza. Mchezo ule ulikuwa wa Kirundi na wa mambo ya siku zile. Lakini ulithibitisha kwamba watu waliojeruhiwa na historia hawakimbii hadithi ya kubuni, mradi iwaheshimu.

Wasomaji wapo, basi, na vifaa vipo. Madaftari ya mapadri yamehifadhiwa, vitabu vya wasafiri vinapatikana, na wazee wenye masimulizi ya baba zao bado wako hai, ingawa si wengi. Mara ya mwisho nilipozungumza na wenyeji juu ya kisa cha mwaka 1881, kijana mmoja, fundi wa mashine ya kukamulia mawese, alisema kwamba kama yeye angeandika, angeanza kwa Bikari siku mapadri walipoomba ardhi, kwa sababu kila ugomvi wa Rumonge huanza na ardhi. Mwalimu wake wa zamani hakukubali. Alitaka msimulizi awe mtoto mwenyewe, akiwa mtu mzima, akihojiwa na ofisa wa Kijerumani. Mama aliyekuwa akipima mawese alisikiliza hadi walipochoka, akafunga kizibo cha dumu, akasema, «Nyote mmemsahau aliyemzaa. Yule alitembea njia yote akimtafuta, na alijua bei ya kila soko.» Mimi niko upande wa mama huyu. Njia hiyo ingempitisha mwandishi kwenye masoko ya chumvi ya Uvinza, na Ujiji kwenye nyua za wauza watu, na katika mtumbwi wa mvule uliochongwa Ugoma, katikati ya wapiga makasia wanaokwenda kaskazini, kabla padri wa kwanza hajatajwa. Na ingekuwa sura ya tano au ya sita kabla hatujaona paa la misheni ya Rumonge.